KUPIGA KAMBI KANDO YA ZIWA KIVU: SOMO JUU YA MAZUKU



Mu masharti ya kambi yaliyobandikwa ku mlango wa chumba cha kula, kuna sharti moja ambalo wadogo wa mwaka wa kwanza wanalichekaka: hema haisimamishwi mu shimo, hata kama upepo ni mwingi namna gani. Wananiuliza, «Doyen, sasa tutalala juu ya mawe kama Yakobo?» Ndiyo, juu ya mawe. Mwalimu wa shimi ameniomba niandike sababu yake mu gazeti letu, na nimekubali, juu sharti lile liliandikwa kwa kosa langu mimi mwenyewe.

Kwanza tujue pahali penyewe. Parki ya taifa ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa Wabeleji, kwa jina la Parki Albert. Jina la Virunga ilipewa mwaka 1969, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika kati ya mali za dunia nzima. Wengi wanafikiri parki ni sokwe na tembo tu, kule Rutshuru na Rwindi. Hapana. Ku upande wa kusini parki inabeba milima miwili ya moto, Nyiragongo na Nyamulagira, kisha inashuka juu ya mawe meusi mpaka kugusa maji ya Ziwa Kivu kati ya Goma na Sake. Hata kisiwa kidogo cha Tchegera, chenye sura ya mwezi mwandamo, ni cha parki. Kile kisiwa ni ukingo wa mdomo wa volkano ya zamani; sehemu ingine imefunikwa na maji.

Kupiga kambi ndani ya parki kunaomba ruhusa ya ICCN. Mtu haingii tu na gunia lake. Sisi mwaka 2022 hatukuingia ndani. Tulipiga kambi karibu nayo, ku shamba la kanisa linaloangalia ziwa, ku njia ya Sake. Lakini udongo haujui mpaka wa parki. Mawe ni yale yale, na kinachotoka chini ya mawe ni kile kile.

Mtu ambaye hajapiga kambi juu ya mawe ya volkano hawezi kufahamu shida yake. Ukipiga kigingi cha hema, kigingi kinapinda. Ukipata udongo, ni wa kina cha vidole viwili, kisha jiwe. Ukiweka mkeka, jiwe linakuchoma mbavu. Na jioni upepo wa ziwa unakuja na nguvu, unanyanyua shitingi kama karatasi. Nilikuwa na miaka 15, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na walinichagua kuwa mkuu wa hema tatu, ndani yake vijana kumi na wanane. Nilitaka waone kwamba nina akili. Nikazunguka, nikapata pahali pazuri sana: shimo pana kama kiwanja cha volebol, kina chake watu wawili wamesimama mmoja juu ya mwingine. Chini kulikuwa na udongo laini, majani ya kijani, na upepo haukufika kabisa. Vigingi viliingia kama kisu mu siagi. Saa kumi za jioni hema zangu zilikuwa zimesimama sawasawa, na wakuu wengine walikuwa bado wanapigana na mawe kule juu. Sitaficha: nilijivuna.

Karibu saa kumi na mbili, baba mmoja mvuvi wa sambaza alipita na wavu wake. Alisimama ku ukingo, akatuangalia, hakutusalimu hata. Akasema, «Batoto, nani amebaonyesha humu? Humu hapana kulala. Mazuku inatokaka usiku.»

Mimi nikamjibu kwa adabu, lakini moyoni nilicheka. Nilikuwa nimesikia neno mazuku tangu utoto, nikilifikiri ni hadithi ya bibi ya kutisha watoto wasitembee usiku. Watu wetu wanasema ni upepo mubaya. Mwalimu wa Kiswahili alituambia kwamba ku pwani ya Afrika ya Mashariki kuna neno mzuka, mizuka, yaani pepo anayetokea ghafla, na maneno haya mawili yanafanana. Basi mimi mtoto wa kanisa nikaona ni ushirikina. Nikamwambia, «Papa, sisi tumeomba Mungu, hatuogope pepo.»

Yule mzee hakukasirika. Alienda kuita Mchungaji wetu, kisha akarudi na kandili lenye kuwaka na kamba ndefu. Akafunga kandili ku kamba, akalishusha polepole kutoka ukingoni mpaka chini kabisa. Moto uliwaka vizuri. Mimi nikasema, «Unaona, Papa? Inawaka.» Akajibu, «Ngoja usiku ifike.» Mchungaji hakubishana. Aliamuru tung'oe hema zote, tupande juu. Nilinung'unika, vijana wangu walinung'unika zaidi, na katika giza tulisahau sufuria moja na mikeka miwili kule chini.

Saa tatu ya usiku upepo ulikuwa umelala. Mzee akatuita tena ku ukingo. Akashusha kandili. Lilipokuwa limebakiza kama metri moja kufika chini, moto ukawa mdogo, ukawa mwekundu, ukazimika. Alilivuta, akaliwasha, akalishusha tena: pale pale likazimika. Mara ya tatu vilevile. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa ninahesabu ni metri ngapi kutoka ku pua ya mtu aliyelala mpaka chini. Si metri. Ni santimetri kumi ao kumi na tano.

Sasa tufike ku somo lenyewe.

Mazuku si pepo, na si upepo. Ni gazi kaboniki, CO2, ile ile tunayotoa kinywani tukipumua, ile ile inayofanya Fanta itoe mapovu. Inatoka mbali chini, mahali mawe yaliyoyeyuka yanapokaa, na inapanda polepole kupitia nyufa. Inchi yote kati ya Goma na Sake imejaa nyufa na mapango, juu imejengwa na mawe yaliyotiririka mara nyingi. Gazi inapopata mwanya inatoka, mchana na usiku, bila kelele.

Mbona basi isitue watu wote? Hapa shimi inatusaidia. Chukueni daftari. Uzito wa molekuli ya CO2: kaboni 12, oksijeni mbili 32, jumla 44. Hewa ya kawaida ni mchanganyiko wa azoti (28) na oksijeni (32), katikati yake ni karibu 29. Gawanya 44 kwa 29, utapata 1.5. Maana yake gazi hii ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Hairuki juu kama moshi. Inateremka kama maji, inatafuta pahali pa chini, inajaza shimo kutoka chini kwenda juu kama vile ndoo inajazwa ku bomba. Mutu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa mu hewa nzuri na miguu yake imo mu sumu, asijue kitu. Mbuzi anakufa, mbwa anakufa, mtoto mdogo anaanguka, na mama aliyemshika mkono anashangaa. Aliyelala yuko chini kuliko wote.

Na mbona usiku? Mchana jua linachoma mawe, hewa inapanda, upepo wa ziwa unachanganya vyote, gazi inatawanyika. Jua likishuka, hewa inatulia na baridi inaingia, gazi inakaa. Inaongezeka saa kwa saa mpaka alfajiri. Ndiyo sababu kandili la saa kumi na mbili liliwaka na lile la saa tatu lilizimika. Ningekuwa mwenye akili ya kweli ningeuliza: ni saa ngapi kipimo hiki ni cha kuaminika? Nilitosheka na jibu la kwanza juu lilinifurahisha.

Hewa ya kawaida ina CO2 kidogo sana, karibu 0.04 kwa mia. Ikifika 5 kwa mia, mtu anahema kama amekimbia, kichwa kinauma. Ikipita 10 kwa mia, mtu anapoteza akili mu dakika chache. Ikifika 30, anaanguka mara moja, na baada ya pale ni kifo. Mu mashimo ya huko kwetu gazi inaweza kupita kipimo hicho. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Aliyelala usingizi anaweza asiamke hata kujua kwamba alikuwa anaumwa kichwa.

Mwalimu wa shimi alitufanyisha jaribio, na kila darasa inaweza kulirudilia. Chukua ndoo. Simamisha ndani mishumaa mitatu: mmoja mfupi kama kidole gumba, mmoja wa katikati, mmoja mrefu lakini usipite ukingo wa ndoo. Iwashe. Pembeni, chini ya ndoo, weka bikarbonati ile mama zetu wanatia mu mandazi, kisha mwanga maji ya ndimu polepole bila kurushia moto. Povu litatoka, na CO2 itajaa ndoo. Mshumaa mfupi unazimika wa kwanza, kisha wa katikati, wa mwisho ndio mrefu. (Mara ya kwanza jaribio letu lilikataa, juu tulikuwa na bikarbonati ya kijiko kimoja tu. Msibane bikarbonati.)

Lakini muangalie jambo moja, na hapa naomba wakubwa wa kambi wasome mara mbili. Kandili si mwalimu kamili. Mshumaa unazimika wakati hewa imekwisha kuharibika sana, hata kukaribia ile 10 kwa mia ao kuipita. Kwa hiyo kandili likizimika, ni hakika kuna hatari. Likiwaka, si hakika kwamba hakuna. Mtu anaweza kuumwa kichwa na kulegea miguu mu pahali ambapo kandili bado linawaka. Na torshi ya pile, ao mwanga wa telefone, hauonyeshi kitu chochote. Ule unawaka hata ndani ya kaburi. Kandili ni la kumfukuza mtu mkaidi kutoka mu shimo, kama mimi. Si la kumpa ruhusa ya kuingia.

Asubuhi, kulipopambazuka, tulikwenda ku ukingo. Chini, karibu na mkeka tuliosahau, walilala ndege wadogo wawili na panya mmoja. Hawakuwa na jeraha. Sufuria yetu ilikuwa pale pale inang'aa. Kijana mmoja wa hema yangu, mwenye mbio nyingi, akasema, «Nitashuka haraka nizuie pumzi, niokote sufuria.» Alikuwa amekwisha kuweka mguu. Yule mzee alimshika shati kwa nyuma, akamvuta kama mfuko.

Nafikiri jambo hili ndilo baya kuliko yote juu ya mazuku. Mtu anaona mwenzake ameanguka chini. Anashuka kumwinua. Ili umwinue mtu lazima uiname, na ukiinama unatia kichwa chako mu gazi, tena unahema sana kwa kazi ya kuvuta. Wa pili anaanguka juu ya wa kwanza. Kisha ndugu wa tatu anakuja. Mu shule yetu tunafundishwa upendo, na ni vizuri, lakini hapa upendo unatumia kamba: unasimama juu, unarusha kamba yenye kitanzi kama aliyeanguka ana nguvu ya kushika, unaita watu wakubwa, unavuta kutoka juu. Ukimtoa, mlaze pahali penye upepo, pa juu, na kama hapumui apewe pumzi ya kinywa kwa kinywa kama tulivyofundishwa na Msalaba Mwekundu, kisha apelekwe ku hospitali hata akiamka na kusema yuko mzima. Sufuria yetu ilingojea. Saa tano, jua kali na upepo umeanza, mzee aliinasa kwa ndoano na uzi wa kuvulia, yeye akisimama juu. Mikeka tuliiacha.

Usiku ule tulilala juu ya mawe, na hili nalo lina ufundi wake. Vigingi haviingii, basi kila kamba ya hema inafungwa ku jiwe zito kama kichwa cha mbuzi, na juu ya jiwe lile unapanga mengine. Chini ya mkeka unatandika majani makavu ya migomba, mengi. Mlango wa hema unageuzwa nyuma ya upepo. Baridi inaingia, sikatai. Na hapa kuna jaribu lingine: kuingiza mbabula ya makala ndani ya hema na kufunga mlango. Usithubutu. Makala yanayowaka mu chumba kilichofungwa yanatoa gazi ingine, CO, yenye oksijeni moja tu. Hii si nzito kama ile ya kwanza, inajaa hema nzima juu na chini, na kidogo tu inatosha kuua. Mutu akiona baridi, avae suruali mbili, alale mgongo kwa mgongo na mwenzake.

Juu ya choo sitasema mengi. Kumbukumbu la Torati sura ya 23 imekwisha kuandika kwamba kitu cha kuchimbia kichukuliwe nje ya kambi. Lakini kule ku mawe huwezi kuchimba, na mu mashimo yaliyochimbwa na dunia yenyewe ndimo mazuku inakaa. Tulitafuta udongo kidogo pahali pa juu, mbali na maji, na tukapanga zamu ili hakuna mtu anayetoka peke yake usiku. Wawili wawili, kila mara. Maji ya ziwa tuliyachemsha.

Wengine wanachanganya mazuku na gazi ya ziwa. Ni ndugu, si kitu kimoja. Ziwa Kivu lina kina cha karibu metri 485, na mu maji ya chini kabisa kumefungwa CO2 nyingi sana, karibu kilometri kibo 300, pamoja na metani karibu kilometri kibo 60. Uzito wa maji ya juu unaishikilia kama kifuniko cha chupa. Wataalamu wanalichunga, na upande wa Rwanda wanatoa metani kufanyia umeme. Ili mjue kwa nini wanalichunga: mu Kameruni, ziwa dogo linaloitwa Nyos lilifunguka usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. CO2 ilitoka mu maji, ikateremka mabondeni kwa sababu ile ile ya 44 kugawanya kwa 29, ikakuta watu mu nyumba zao. Watu zaidi ya 1,700 walikufa, na ng'ombe kwa maelfu. Miaka miwili mbele yake, mu Agosti 1984, ziwa Monoun la inchi ile ile lilikuwa limeua watu 37.

Mazuku haiui hivyo kwa jeshi. Inaua mmoja hapa, wawili pale, ndiyo maana mu magazeti ya mbali haionekani. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kinapima mashimo haya na pahali pengine kimeweka vibao vya kuonya. Lakini mimi nimeona mbao za namna ile zikipotea, juu kuni ni ghali.

Msifikiri ni habari ya wanafunzi wa kambi tu. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache nyuma serikali ikaamuru watu wahame, maelfu walikimbilia Sake kwa miguu, wakalala popote usiku ulipowakuta. Mwaka 2023, watu waliokimbia vita walijenga vibanda vya shitingi juu ya mawe ya Bulengo, kando ya ziwa, na Bulengo ni pahali panapojulikana kuwa na mazuku. Mtu aliyetembea siku tatu na watoto mgongoni anaona shimo lenye udongo laini na bila upepo, anamshukuru Mungu. Aliona kile nilichoona mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mzee wa kunikataza, na pahali pengine pa kwenda.

Tangu vita vilipokaribia Sake mwanzo wa mwaka 2024, shule yetu haikurudi ku shamba lile. Kambi inayokuja itakuwa pengine. Basi mkuu wa kambi, kabla ya kuchagua pahali, awaulize wenyeji, na hasa wavuvi na wachunga mbuzi, juu wao wanatembea alfajiri na wanajua wanyama wanaangukia wapi. Aulize kwa unyenyekevu, asikilize mpaka mwisho, asitangulize maombi kama kinga ya kutosikia.

Vyombo viko ku depo. Kamba ina metri kumi, na mafundo kila nusu metri ili mjue kandili limefika kina gani. Ufunguo uko kwa Mwalimu wa shimi. Kioo cha kandili kilipasuka mu kazi ya mwisho. Doyen atakayenifuata atafute kingine sokoni mbele ya siku ya kufunga mizigo, na anunue petroli kidogo, isiwekwe mu chupa ya maji ya kunywa.

Doyen wa wanafunzi,
mwaka wa sita